Udhibiti wa pamoja wa vifaa vya efekti za sauti

Udhibiti wa pamoja wa vifaa vya efekti za sauti ni mbinu ya kuunganisha vifaa viwili au zaidi vinavyobadilisha sauti, kama vile vifaa vya mwangwi, vya kubana sauti na vya kusawazisha besi na sauti za juu, ili vyote viendeshwe kutoka mahali pamoja. Mahali hapo huitwa kiolesura. Kinaweza kuwa kibao cha kukanyaga kwa mguu, kinanda, miksa, kompyuta au simu ya mkononi. Badala ya fundi mitambo kuzungusha vitufe vya kila kifaa kimoja kimoja, anabonyeza mara moja na vifaa vyote vinabadilika pamoja.

Mbinu hii hutumika katika studio za kurekodi, redio, bendi za muziki wa dansi, kwaya, nyumba za ibada, harusi na mikutano ya hadhara. Nchini Tanzania imeenea pamoja na miksa za dijitali, na siku hizi si jambo la mijini tu. Kwaya ya kijiji kama Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro, inaweza kuendesha mwangwi wa waimbaji kumi na wawili kwa simu moja, mradi vifaa vimeunganishwa vizuri na mtu anayeishika simu hiyo anajua anachofanya.

## Efekti ni nini

Efekti ni badiliko lolote linalofanywa kwa makusudi kwenye sauti kabla haijafika kwenye spika au kwenye rekodi. Zipo za aina nyingi, lakini nne ndizo hukutwa karibu kila mahali.

Ya kwanza ni mwangwi. Hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu, kwa kuwa neno hili moja linabeba mambo mawili ambayo fundi hawezi kuyachanganya. Mtu akipiga kelele mbele ya mwamba wa Uluguru, baada ya muda husikia neno lake likirudi peke yake: huo ni mwangwi wa kurudia, ambao mafundi wengi huuita eko. Akiimba ndani ya kanisa kubwa la mawe, sauti haimrudii kama neno. Inabaki ikielea na kufifia polepole kwa sababu inagonga kuta maelfu ya mara. Huo ni mwangwi mfululizo. Vifaa vya efekti huiga yote mawili, na kila kimoja kina vipimo vyake.

Ya pili ni kubana sauti, yaani kushusha sehemu zenye kishindo ili zikaribiane na zile za upole. Ya tatu ni kusawazisha, yaani kuongeza au kupunguza besi, sauti za kati na sauti za juu. Ya nne ni kundi la efekti za kutikisa au kuzidisha sauti, zinazofanya gitaa moja lisikike kama magitaa mawili au matatu yaliyopishana kidogo.

Vifaa hivi huunganishwa kwa namna mbili. Katika mfuatano, sauti hutoka kifaa cha kwanza ikaingia cha pili, kisha cha tatu, kama maji yanavyopita kwenye mfereji. Katika mpangilio sambamba, sauti ya asili huendelea na safari yake bila kuguswa, na nakala yake tu ndiyo hupelekwa kwenye kifaa cha mwangwi, kisha hurudishwa na kuchanganywa nayo kwenye miksa. Kwa kawaida kubana na kusawazisha hufanywa kwa mfuatano, na mwangwi kwa usambamba. Mpangilio una maana: ukibana sauti baada ya mwangwi, mwangwi wenyewe utavimba kila mwimbaji anapovuta pumzi.

## Kabla ya kuunganishwa

Vifaa vya mwanzo vilikuwa vya kimakanika. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hammond ya Marekani ilitumia springi za chuma kuiga mwangwi katika ogani zake za umeme. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa EMT 140, bamba kubwa la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku na kutikiswa na sauti. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250 na kiliwekwa chumba cha mbali ili kisichukue kelele za studio. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kukimbia huko kila mara kurekebisha urefu wa mwangwi, iliwezekana kusogeza kizuia mtetemo chake kwa mota ya umeme kutoka kwenye meza ya fundi. Huu ni mmoja kati ya mifano ya zamani ya efekti kuendeshwa kwa mbali.

Wapiga gitaa walikuwa na njia yao. Vifaa vya mwangwi wa utepe, kama Copicat ya Uingereza ya mwaka 1958 na Space Echo RE-201 ya Roland ya mwaka 1974, vilirekodi sauti kwenye utepe wa sumaku na kuisoma tena baada ya sehemu ya sekunde. Zikaja pia pedali ndogo za transista, kila moja na kazi yake na swichi yake. Mpiga gitaa mwenye pedali sita aliyetaka kuhama kutoka sauti laini ya ubeti hadi sauti kali ya sebene alilazimika kukanyaga swichi tatu au nne ndani ya pigo moja la ngoma.

Afrika Mashariki ya wakati huo ilikuwa na muziki mwingi na vifaa vichache. Mji wa Morogoro ulijulikana kwa bendi zake: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz ambayo Mbaraka Mwinshehe aliipigia gitaa kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Rekodi nyingi za bendi za dansi zilifanywa na Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja na sauti ikiingia moja kwa moja kwenye utepe. Uwiano wa vyombo ulipatikana kwa kumsogeza mtu karibu au mbali na kipaza sauti. Anayesikiliza rekodi hizo leo husikia chumba chenyewe, na wengine, pamoja na mwandishi wa makala hii, huona kwamba hakuna kifaa kilichoziboresha tangu hapo.

Mwaka 1978 kampuni ya Lexicon ya Marekani ilitoa kifaa cha mwangwi cha dijitali, Lexicon 224. Mtambo wenyewe ulikaa kwenye rafu, na fundi aliuendesha kwa kisanduku kidogo chenye vitelezi kilichokaa juu ya miksa. Lakini kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuunganisha. Kisanduku cha kampuni moja hakikuelewana na mtambo wa kampuni nyingine. Mapema katika miaka ya 1980, Bob Bradshaw wa Los Angeles alianza kuwatengenezea wapiga gitaa mifumo ambayo kila pedali iliwekwa kwenye kitanzi chake cha waya, na kibao kimoja cha mguu kilifungua au kufunga vitanzi kadhaa kwa mkanyago mmoja. Tatizo la swichi likaisha. Tatizo la vipimo vilivyo ndani ya vifaa likabaki.

## MIDI

Ufumbuzi ulitoka kwa watengenezaji wa vinanda. Mwaka 1981 Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani alipendekeza lugha moja ya kuunganisha vinanda vya kampuni mbalimbali. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, alikuwa akilisukuma wazo hilohilo upande wake. Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Sequential kiliunganishwa na kinanda cha Roland kwa waya mmoja. Kimoja kilipigwa, kingine kikalia. Lugha hiyo ikaitwa MIDI. Mwaka 2013 wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

MIDI haibebi sauti. Jambo hili huwakanganya wanafunzi wengi. Waya wa MIDI hubeba maagizo tu, kama barua inayomwambia mpishi apike nini. Chakula chenyewe hakimo ndani ya bahasha. Kwa hiyo waya wa sauti na waya wa MIDI huwekwa vyote viwili, na kukatika kwa mmoja hakumaanishi kukatika kwa mwingine.

Kila agizo la chaneli ni kikundi cha baiti mbili au tatu. Baiti ya kwanza hutaja aina ya agizo na chaneli inayohusika. Chaneli ni 16, kwa hiyo kifaa cha mwangwi kinaweza kupewa chaneli ya 1, cha kubana sauti chaneli ya 2, na cha kutikisa chaneli ya 3, na kila kimoja hupuuza barua isiyo yake. Baiti zinazofuata hubeba namba kuanzia 0 hadi 127, kwa sababu hutumia biti saba tu.

Maagizo mawili ndiyo yanayotumika zaidi kwa efekti. La kwanza ni la kubadili programu: linaamuru kifaa kifungue mpangilio fulani uliohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake. Baiti 192 ikifuatiwa na 4 humaanisha "wewe wa chaneli ya 1, fungua mpangilio namba 4". La pili ni la kubadili kipimo: linasogeza kitu kimoja, mfano kiasi cha mwangwi, kidogo kidogo wakati muziki unaendelea. Kwa desturi namba 7 ni ya ukubwa wa sauti na 91 ni ya kiasi cha mwangwi, ingawa vifaa vingi vya efekti humruhusu mwenyewe achague namba atakayo.

Hapa pana mtego mdogo uliowapotezea watu saa nyingi. MIDI huhesabu kuanzia 0, lakini watengenezaji wengi huandika kwenye vioo vya vifaa vyao kuanzia 1. Agizo la mpangilio 4 linaweza kufungua kile ambacho kioo kinakiita 5. Fundi huona kifaa kimefungua mpangilio usio wake, akadhani kimeharibika. Hakijaharibika, wawili hao wamehesabu tofauti tu, kama mtu anayesema saa moja asubuhi na mwenzake anayeandika 7:00.

Kasi ya waya wa MIDI ni biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti husafiri na biti mbili za ziada, ya kuanza na ya kumaliza, kwa hiyo huchukua biti 10. Hesabu yake ni 31,250 ÷ 10 = baiti 3,125 kwa sekunde. Agizo la kubadili programu lenye baiti mbili huchukua 2 ÷ 3,125 = sekunde 0.00064, yaani chini ya milisekunde moja. Vifaa vitano vikipewa maagizo mfululizo, cha mwisho hupata lake baada ya milisekunde 3.2 tangu agizo la kwanza lianze kutumwa. Sikio la binadamu halioni tofauti hiyo. Kinachochelewesha mara nyingi ni kifaa chenyewe, kwani baadhi hunyamaza kwa sehemu ya sekunde wakati vinapofungua mpangilio mpya, na mwangwi uliokuwa ukififia hukatwa ghafla. Ndiyo maana wenye uzoefu hubadili mpangilio kwenye pumziko la wimbo, au hutumia vifaa viwili vya mwangwi, kimoja kikimalizia cha zamani huku kingine kikianza kipya.

Kifaa cha MIDI huwa na matundu matatu: la kuingizia, la kutolea na la kupitisha. Kiolesura hutoa agizo, kifaa cha kwanza hulipokea na kulipitisha kwa cha pili, cha pili kwa cha tatu. Kila linapopitishwa, umbo la mawimbi ya umeme huchakaa kidogo, kwa hiyo mnyororo wa zaidi ya vifaa vitatu au vinne si salama. Hapo hutumika kisanduku cha kugawa, ambacho hupeleka nakala kwa kila kifaa moja kwa moja. Waya mmoja usizidi mita 15. Ndani ya tundu la kuingizia, ujumbe huvuka kwa mwanga, kutoka taa ndogo kwenda kwenye kipokea mwanga, bila waya kugusana. Mpango huo huzuia mngurumo unaotokea vifaa viwili vinapopata umeme kwenye soketi tofauti, jambo la kawaida ukumbini ambako upande mmoja uko kwenye umeme wa gridi na mwingine kwenye jenereta.

MIDI pia hubeba mapigo ya saa, 24 kwa kila pigo la muziki. Kifaa cha mwangwi wa kurudia kikipokea mapigo hayo, marudio yake hufuata mwendo wa wimbo. Muda wa pigo moja kwa milisekunde hupatikana kwa kugawa 60,000 kwa idadi ya mapigo ya dakika moja. Rumba ya mapigo 100 kwa dakika ina pigo la milisekunde 600. Singeli ya mapigo 240 ina pigo la milisekunde 250. Mwangwi uliopangwa kwa rumba ukiachwa kwenye singeli hugeuka kelele tupu.

Mwaka 2020 lilitangazwa toleo la pili la MIDI, ambalo vifaa huweza kuulizana na kujibizana, na vipimo vyake si hatua 128 tena bali mabilioni. Vifaa vya zamani bado vinaeleweka ndani yake. Kifaa kama Yamaha SPX90 cha mwaka 1985 kinaweza kuamriwa na kompyuta ya leo, mradi kuna kigeuzi cha kuunganisha matundu.

## Kwa mtandao

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walibuni lugha nyingine iitwayo OSC, inayosafiri kwenye mtandao wa kompyuta wa kawaida, kwa kebo au kwa Wi-Fi. Badala ya namba tupu, kila kipimo kina anwani inayosomeka, iliyoandikwa kwa mikwaju kama njia ya faili: kifaa, kisha sehemu, kisha kitufe. Mtu anaweza kuisoma na kujua inahusu nini.

Miksa ya dijitali imebadilisha sura ya jambo lote. Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012 na kuigwa na nyingine nyingi, ina nafasi nane za efekti ndani yake, pamoja na kubana na kusawazisha kwenye kila chaneli. Vifaa ambavyo zamani vingejaza kabati la rafu vimekuwa programu ndani ya chombo kimoja, na vyote huendeshwa kwa OSC kutoka kwenye kompyuta, tableti au simu. Simu inayotaka kufuatilia mabadiliko ya miksa hiyo hutuma ombi la kujiandikisha, na ombi hilo hudumu sekunde kumi tu. Lisiporudiwa, miksa huacha kuitumia habari. Hivyo programu nzuri hulituma tena na tena bila mtumiaji kujua. Simu ikizimika, miksa huendelea kufanya kazi ilivyoachwa, na jambo hilo limeokoa harusi nyingi.

Sauti nayo siku hizi hupita kwenye mtandao. Mfumo wa Dante, wa kampuni ya Audinate ya Australia iliyoanzishwa mwaka 2006, hubeba chaneli nyingi za sauti kwenye kebo moja ya mtandao. Katika kumbi kubwa, vifaa vya efekti vilivyotawanyika vyumba mbalimbali huonekana vyote kwenye kioo kimoja.

Studioni, kompyuta imechukua kazi nzima. Tangu kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilipotoa mfumo wa VST mwaka 1996, efekti zimekuwa programu ndogo zinazofunguliwa ndani ya programu kubwa ya kurekodi. Maprodyuza wa singeli jijini Dar es Salaam, wakiwemo wa Sisso Studios ambao kazi zao zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 katika albamu Sounds of Sisso, wamejenga mtindo mzima juu ya kompyuta na programu za namna hiyo.

## Mpangilio wa jumla

Faida kubwa ya kuunganisha ni mpangilio wa jumla: picha ya hali ya vifaa vyote kwa wakati mmoja, iliyohifadhiwa kwa jina. Kwenye tamasha ambalo bendi hupokezana jukwaa, kama Sauti za Busara la Zanzibar lililoanza mwaka 2004, kila bendi huweza kufanya majaribio mchana, hali yake ikahifadhiwa, kisha ikafunguliwa usiku kwa kubonyeza mara moja.

Kwa ibada au harusi ya kijijini, mipangilio mitatu inatosha: hotuba, kwaya, na muziki wa kucheza. Wa hotuba ndio wenye thamani kuliko yote, ingawa ndio wa kawaida kabisa. Kosa linalosikika kila wiki Tanzania nzima ni mwangwi wa kwaya kuachwa wazi mchungaji, shehe au mwenyekiti wa kijiji anapoanza kusema. Uimbaji huvumilia mwangwi wa sekunde mbili, usemi hauvumilii. Silabi moja huifunika inayofuata, na Kiswahili, ambacho maana yake hukaa kwenye viambishi vidogo mwanzoni mwa neno, huumia haraka: aliyekaa nyuma hajui kama amesikia "atafika" au "hatafika". Likiwa tangazo la msiba, la chanjo au la mkutano wa ardhi, kukosea huko kuna gharama. Mpangilio wa hotuba hufunga mwangwi wote, hupunguza besi na huacha kubana kidogo ili mzee mwenye sauti hafifu asikike sawa na kijana.

Mpangilio wa jumla unaweza pia kuleta balaa. Ukifunguliwa usio wake, vipaza sauti vilivyofungwa huweza kufunguka vyote kwa mpigo, na spika zikapiga mluzi mkali kwa sababu kipaza sauti kinasikia spika na spika inakipaza tena. Mluzi wa namna hiyo huweza kuunguza spika ndogo za sauti za juu na huumiza masikio ya walio karibu, watoto hasa, kwani ndio hupenda kukaa mbele. Kwa hiyo miksa nyingi zina kufuli ya kuzuia baadhi ya vitu visibadilishwe na mpangilio. Vitelezi vikuu na nguvu ya kuingiza sauti ni vya kufungwa kwanza.

## Mazingira ya Mkuyuni na milima ya Uluguru

Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua yake ni nyingi kuliko ile ya upande wa mji wa Morogoro. Mkuyuni, iliyo kwenye barabara iendayo Matombo na Kisaki, iko upande huo. Unyevu unaostawisha viungo na matunda ya huko ndio unaokutisha matundu ya waya. Kiunganishi cha MIDI chenye kutu hakikatiki moja kwa moja. Hupitisha agizo moja na kupoteza la pili, na kifaa kimoja katika mnyororo hubaki kwenye wimbo uliopita. Kuvichomoa na kuvichomeka viunganishi mara kadhaa husugua kutu ya juu. Kifaa kilichotoka baridi ya usiku kikaingizwa ukumbini wenye watu wengi hutoa jasho ndani. Kiachwe kipate joto kabla ya kuwashwa.

Umeme ni suala jingine. Pedali za zamani zilirudi papo hapo umeme uliporudi. Miksa ya dijitali ni kompyuta, na huchukua muda kuanza upya huku mkutano mzima ukisubiri kimya. Kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, cha aina iwekwayo kwenye kompyuta za ofisini, kinatosha kuishikilia miksa na kisambaza Wi-Fi wakati jenereta inawashwa. Amplifaya na spika hazihitaji kuwekwa humo, kwa kuwa hula umeme mwingi na hurudi haraka.

Wi-Fi nayo hudanganya. Ukumbi ukiwa mtupu asubuhi, simu huiamuru miksa hata kutoka nje. Jioni wanaingia watu mia tatu na simu zao, na masafa ya 2.4 GHz yana njia tatu tu zisizoingiliana, huku miili ya watu, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji, ikifyonza mawimbi hayo. Kisambazaji huwekwa juu ya vichwa vya watu, na masafa ya 5 GHz hutumiwa kama vifaa vinayakubali. Nywila ni ya lazima. Miksa isiyo na nywila inaweza kufunguliwa na kijana yeyote mwenye programu husika, naye si lazima awe na nia mbaya. Udadisi unatosha kuzima kipaza sauti cha bwana harusi.

Mikusanyiko mingi ya huko hufanyika nje, kwenye uwanja wenye mteremko, na spika za mbele hazifiki nyuma. Spika za pili zikiwekwa mita 35 kutoka za kwanza, aliye nyuma husikia spika iliyo karibu naye kwanza, kisha ile ya mbele, na kila neno linakuwa mawili. Dawa yake ni kuichelewesha spika ya nyuma. Kasi ya sauti hewani kwa mita kwa sekunde hukadiriwa kwa 331 + 0.6 × joto la sentigredi. Mchana wa nyuzi 28 ni mita 347.8 kwa sekunde. 35 ÷ 347.8 ni sekunde 0.1006, yaani milisekunde 101. Usiku wa Julai wa nyuzi 17 kasi hushuka hadi 341.2, na ucheleweshaji unaotakiwa ni milisekunde 103 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, haihitaji kurekebishwa, lakini inafaa kama swali la fizikia kidato cha tatu. Fundi aliyeunganisha vifaa vyake kwenye kiolesura kimoja huutembelea uwanja akiwa na simu mkononi, anasimama alipo mama wa safu ya mwisho, na kurekebisha hapo hapo anaposikia.

Sauti huvuka bonde. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinahusu muziki wa sherehe na nyumba za ibada pia, na besi ndiyo inayokwenda mbali kuliko sauti nyingine. Miksa za dijitali huruhusu kuweka kizuizi kwenye njia kuu ya kutolea sauti, ambacho hakuna mpangilio wala DJ anayeweza kukivuka bila nywila ya fundi. Kamati nyingi za harusi hazijui kwamba kitu hicho kipo.

## Tahadhari ya kiolesura kimoja

Vifaa kumi vinapotegemea kidhibiti kimoja, ugonjwa wa kidhibiti ni ugonjwa wa vyote. Simu iliyoishiwa chaji, kibao cha mguu kilichomwagikiwa soda au faili iliyofutwa huwaacha waimbaji na sauti waliyoachiwa. Mafundi waangalifu hunakili mipangilio yao kwenye kidude cha USB na kukihifadhi mahali pengine, kwa kuwa mwizi wa miksa huondoka na kilichochomekwa humo. Wengine huandika pia namba za chaneli na mipangilio kwa kalamu, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa sanduku. Pembeni hubaki miksa ndogo ya zamani ya chaneli nne, yenye waya mmoja wa kipaza sauti uliochomekwa tayari.